Saa za Mwanafunzi ni za Nani?

Neno ada katika lugha yetu lina maana mbili ambazo hapo zamani zilikaa nyumba moja. Ya kwanza ni desturi: jambo ambalo watu wamelizoea na kukubaliana kwamba ndivyo lifanywavyo. Ya pili ni malipo: kile apewacho mganga, fundi au mwalimu kwa ajili ya kazi yake. Wazee hawakuhitaji kuzitenganisha maana hizo, kwani malipo yenyewe yalikuwa desturi. Mzazi wa mwambao aliyempeleka mwanawe chuoni kusoma Kurani alijua atatoa nini siku ya kuanza na nini siku ya kuhitimu. Na yule asiyekuwa na kitu, mwanawe alimchotea mwalimu maji na kumlimia shamba, wala hapana aliyemcheka. Leo mtu akitaja ada, wasikilizaji huwaza tarehe ya mwisho ya kulipa. Desturi imelihama neno, malipo yamebaki peke yake.

Tumeanza na neno hili kwa sababu swali tunalotaka kulichunguza limejificha ndani yake. Katika miji yetu wapo vijana wengi ambao mchana ni wanafunzi wa chuo na usiku ni walinzi. Au alfajiri huuza chai na maandazi penye jengo linalojengwa, kisha hukimbilia darasani na harufu ya moshi ingali nguoni. Au huketi katika kibanda cha wakala wa fedha za simu, daftari la masomo likiwa chini ya daftari la miamala. Hawa wanafanya kazi ili wapate kusoma. Nasi, tuliolelewa katika nchi iliyojitangaza kuwa ya wakulima na wafanyakazi, nchi ambayo kaulimbiu yake ya kwanza baada ya kujitawala ilikuwa Uhuru na Kazi, huwatazama na kuwasifu. Twasema: huyu ni kijana wa kuigwa, anajitegemea. Je, sifa hiyo ni ya haki? Au twasifu jambo ambalo lingetupasa kulionea haya?

Mila zetu zilijua njia mbili za kumfundisha kijana, na zote mbili zilikuwa za heshima. Njia moja ni ile ya jando. Vijana waliotiwa kumbini waliondolewa katika kazi za nyumbani na za shamba kwa muda wa mafunzo, na chakula chao kilitoka kwa wazazi na jamaa. Hapana aliyesema kwamba wanadekezwa. Ilifahamika kwamba ni taabu mtu kufundwa na kujilisha kwa wakati mmoja, na kwa hiyo mzigo wa kumlisha ulibebwa na wengine kwa siku hizo. Mafunzo yenyewe yalikuwa magumu, pengine makali kupita kiasi; lakini ugumu ulikuwa ndani ya mafunzo. Haukuwa ugumu wa kutafuta kibaba cha unga.

Njia nyingine ni ile ya uanagenzi. Mwanagenzi wa seremala, wa mhunzi, au wa mjenzi wa majahazi alifanya kazi tangu alfajiri, na mara nyingi ujira wake ulikuwa chakula tu. Alifagia karakana, akashika ubao, akavukuta moto. Huenda alinung'unika, na huenda fundi alimpunja. Hata hivyo kila alichokigusa kilimsogeza karibu na ufundi aliokuja kuutafuta. Siku aliyopewa kushika msumeno mwenyewe ilikuwa imeandaliwa na siku zote za kufagia. Kazi yake ndiyo ilikuwa somo lake.

Mwanafunzi tunayemzungumzia hayumo katika njia yoyote kati ya hizo. Hakuna kijiji kinachomlisha ili asome, wala kazi aifanyayo haimfundishi alichokuja kujifunza. Kijana anayesomea uhasibu haupati uhasibu kwa kukaa langoni usiku kucha na rungu mkononi. Amebeba mizigo miwili isiyojuana, na kila mmoja unamlaumu kwa ajili ya mwingine: msimamizi wa lindo anamwambia yeye ni msomi asiyejua kazi, na mwalimu anamwambia yeye ni kibarua asiyejua kusoma.

Tuna sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, kipindi cha saa mbili asubuhi. Kulikuwa na kijana aliyeketi nyuma, karibu na dirisha, ambaye kila wiki alisinzia. Siku moja tulikatiza somo, tukamwamsha mbele ya wenzake, na tukamwambia, kwa sauti ya mwalimu anayefurahia kusikilizwa, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Darasa likacheka. Naye akasimama kwa adabu, akasema: "Samahani, mwalimu. Nimeinama tangu saa kumi na mbili jana jioni." Hapo darasa halikucheka tena. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa mlinzi wa ghala, zamu ya kuanzia jioni hadi asubuhi, siku sita kwa wiki, na kwamba alitoka lindoni moja kwa moja kuja darasani, akibadilisha shati chooni. Hatukumwomba radhi siku ile. Tulimwomba baada ya wiki mbili, faraghani, jambo ambalo si sawa, kwa kuwa aibu tulimpa hadharani.

Tangu siku hiyo tumeshika tabia ya kuhesabu saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ya miaka 3 haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, tukihesabu darasa, maktaba na mazoezi ya nyumbani pamoja. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Tukizigawa katika wiki 30 za mihula miwili, mwanafunzi anadaiwa saa 40 kila wiki. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Basi mwanafunzi mwenye ajira kamili anadaiwa saa 85. Wiki ina saa 168. Akilala saa 8 kila usiku zinaondoka 56, na zinazosalia ni 27, yaani pungufu ya saa 4 kwa siku: za kupanda daladala, kupika, kufua, kusali, kwenda mazikoni na kumjulia hali jirani.

Na hiyo ni hesabu ya yule ambaye mwajiri wake anaishika sheria. Mlinzi wetu wa ghala alikuwa na saa 12 za lindo kwa siku sita, ambazo jumla yake ni 72. Ongeza 40 za chuo, ongeza 56 za usingizi, unapata 168 kamili. Hakubakiwa na hata dakika ya kutembea kutoka lindoni hadi darasani. Kwa hiyo ilimlazimu kuiba. Aliiba katika usingizi wake, na usingizi ulipokuja kudai chake alilipa kwa masomo, ilhali sisi tumesimama ubaoni tukimhesabu kuwa mvivu. (Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba kazi ya usiku ni mzigo wa pekee, ikaagiza nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara. Mtu aliyepata kukesha na kisha kufungua kitabu cha takwimu atapima mwenyewe kama usiku umelipwa bei yake.)

Yumkini baadhi ya wasomaji watatukumbusha Elimu ya Kujitegemea. Watauliza: je, si Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Machi 1967, aliyetaka wanafunzi wafanye kazi? Ni kweli alitaka, na tungali twaamini kwamba alikuwa na haki. Lakini tuangalie ni kazi gani. Alitaka shule iwe na shamba lake au karakana yake, kazi iwe sehemu ya maisha ya shule, na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba hilo na kuyaona matunda yake. Zaidi ya yote, kazi ile ilikuwa ya wote. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima walipewa majembe ya namna moja na tuta la urefu mmoja, wakarudi darasani wamechoka sawasawa. Kibarua cha leo ni cha asiyekuwa nacho peke yake. Naye huingia chumba kimoja cha mtihani na mwenziwe aliyelala usiku mzima, wakapewa karatasi moja na muda ule ule, kisha alama zao zikabandikwa ukutani kana kwamba walianzia mstari mmoja. Kulitumia jina la kujitegemea kwa hali hiyo ni kulipaka rangi neno ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake.

Vivyo hivyo kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974. Lilitaka mwombaji wa Chuo Kikuu awe amefanya kazi kwanza, kwa kiasi cha miaka 2, ili aingie akiwa mtu mzima aliyeonja maisha ya umma. Waliolipitisha walijua thamani ya kazi kuliko wengi wetu. Hata hivyo waliiweka kazi mahali pake na chuo mahali pake: mtu atangulie kufanya kazi, kisha aende akasome, na akisoma umma umlishe.

Wala hatusemi kwamba zama zile za kulishwa zilikuwa pema tupu. Mnamo tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kulitumikia Taifa, ambayo pamoja na miezi ya kambini ilitaka wafanye kazi kwa miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Rais alikasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi ili kuonyesha kiburi cha wasomi, na kiburi kilikuwapo. Lakini msingi wa hasira ya Rais ndio unaotuhusu hapa. Mwalimu alizoea kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichokuwapo katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Mtu huyo asiporudi, au akirudi na kudai alipwe kwanza, amekuwa msaliti.

Sisi twaukubali mfano huo. Ila mfano una sharti lake, nalo ni kwamba chakula kitolewe. Je, mtu ambaye alikwenda safari ile ile na njaa yake, akalala njiani, akajitafutia mizizi porini, kisha akarudi na mzigo kichwani, yeye anadaiwa nini na kijiji? Anaweza kuamua kuugawa mzigo kwa upendo. Anaweza pia kuketi juu yake na kusema: niliutafuta peke yangu. Nasi hatutakuwa na neno la kumjibu. Hili ndilo linalotutia hofu kuliko hata umaskini wenyewe. Taifa linalomwacha kijana ajisomeshe kwa rungu la ulinzi linajifundishia daktari au mhandisi ambaye moyoni mwake hana deni na mtu.

Mtu atasema deni lipo, tena limeandikwa. Ni kweli. Uchangiaji wa gharama za elimu ya juu ulianza mnamo mwaka 1992; Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka uliofuata. Mkopo si wa wote, na wapo wanaoupata kwa sehemu tu. Kwa miaka mingi, kwa sehemu kubwa, uliwafikia wa vyuo vikuu; wa stashahada, nao tena wa fani zilizochaguliwa, wakaanza kufikiriwa katika mwaka wa masomo 2023/2024. Fedha za kujikimu zinazotoka humo wanafunzi huziita bumu, jina linalofaa kitu kinachokuja kwa kishindo na kuacha kimya kirefu. Aliyekopa na kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2016. Hatuilaumu Bodi kwa kudai chake. Fedha hizo ni za umma, na ni haki zimfikie mwingine. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikikuza madeni hayo kila mwaka, na wengi walipumua. Twasema tu kwamba deni la mshahara na deni la moyo ni vitu viwili. La kwanza huisha kwa risiti.

Kuna jambo jingine ambalo limeongeza uzito bila mtu kukusudia. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za Serikali, hadi kidato cha nne, hazitozi ada, na katika mwaka wa fedha 2022/2023 neema hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Ni hatua njema sana. Lakini ukuta uliobomolewa pale umesimama hapa. Familia ambayo kwa miaka mingi haikuulizwa ada inakutana nayo kwa mara ya kwanza mlangoni pa chuo, mtoto akiwa na miaka 20, katika mji wa ugenini ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wazazi huuza ng'ombe au mpunga wakalipa muhula wa kwanza. Muhula wa pili huwa ni kibarua.

Na hapo ndipo ombi linapogeuka mwelekeo. Tulipata kuwa na mwanafunzi, binti wa kutoka mkoa wa kusini, aliyekuwa akiuza chai na chapati kuanzia saa kumi alfajiri. Siku moja alikuja kuomba aongezewe siku za kumaliza kazi yake ya darasani, na tulipomuuliza sababu, hakueleza. Alitusogezea simu tusome. Ulikuwa ujumbe kutoka nyumbani. Baba yake mdogo amelazwa, kinahitajika chochote atakachojaliwa, "na ya kutolea". Msomaji anayejua fedha za simu anafahamu uzito wa maneno hayo matatu: tuma, tena uongeze na gharama ya kuitoa. Fedha alizokuwa amezitunza kwa ajili ya ada zikaenda, na juma zima aliuza chai hadi jioni ili kuziba pengo.

Je, angekataa? Wapo wanaoona neno jepesi hapa; husema kijana ajifunze kusema hapana, na kwamba jamaa zetu ni kupe. Sisi hatuwezi kusema hivyo. Waliomwomba hawakuwa waongo wala wanyonyaji. Machoni pa kijiji, mtu aliyekwenda mjini na kuingia chuo amekwisha kufika; chuo chenyewe kinadhaniwa kuwa namna ya kazi. Tena binti huyu, alipokuwa mdogo, alilipiwa matibabu na baba mdogo huyo huyo. Udugu ambao hautumwi siku ya ugonjwa ni udugu wa picha ukutani.

Lakini mkulima yeyote anajua tofauti ya chakula na mbegu. Mwaka wa njaa familia yaweza kulala na uji, na bado mfuko mmoja ukaachwa darini, haufunguliwi, hata mtoto akilia. Si kwamba mfuko ule ni wa baba anayeukatalia. Ni wa wote, na hasa ni wa wale watakaokula mwakani. Twaona kwamba saa za masomo za mwanafunzi ni mali ya namna hiyo. Si za mwajiri wake, ingawa yeye ndiye anayezinunua. Si za jamaa walioko kijijini, na hata mwanafunzi mwenyewe hana idhini kamili ya kuzigawa, kwa sababu mgonjwa atakayemtibu na daraja atakalolijenga tayari vina sehemu yao ndani yake. Hilo ndilo jibu letu, na twakiri kwamba halikumtibu baba mdogo. Tulimwongezea binti yule siku nne. Baada ya hapo mwenzake mmoja alitulalamikia kwamba tumependelea, naye hakukosea.

Kuna jambo ambalo wasichana hawalisemi mbele ya mwalimu wa kiume, na sisi tulilisikia kwa mwalimu mwenzetu mwanamke. Ada ikichelewa hujitokeza mfadhili. Hana ofisi wala fomu, wala hatoi risiti. Anachokitaka hukitaja baadaye. Tunaposema kwamba kijana apambane mwenyewe, tukumbuke kwamba tumemwachia mlango ambao mtu huyo anasubiri nje yake.

Tumekwisha kusikia pia sauti ya wale waliopita njia hiyo na kufaulu. Katika mahafali husimama mtu mzima, mwenye cheo, akaeleza namna alivyobeba zege na kusoma kwa kibatari, na mwisho akawaambia vijana kwamba shida ndiyo iliyomjenga. Twamheshimu, wala hatumkanushi. Ni yeye aliyebeba zege. Lakini waliobeba zege pamoja naye na kuacha chuo katika mwaka wa pili hawaalikwi kuhutubia mahafali. Laiti kungekuwa na siku moja ya kuwasikiliza hao, tungejua kama shida inajenga au inachagua tu wale waliokuwa na afya zaidi, au mjomba mwenye chumba cha bure Mbagala.

Mtu atuulize basi tunataka nini. Hatuna hazina ya Serikali mfukoni, na hatutaki kuota kwamba kesho kila kijana atalipiwa kila kitu. Hata hivyo, katika miaka ya kuwasikiliza wanafunzi hawa tumegundua kwamba jambo wanalolilia kwanza, kabla hata ya fedha, ni ratiba. Mtu mwenye saa chache anaweza kuzipanga zikiwa zimekaa mahali pamoja. Hawezi kuzipanga zikihamahama. Chuo kinabadilisha kipindi cha Jumanne kuwa Alhamisi kwa tangazo la jana usiku, kwa sababu mhadhiri amesafiri. Kumbe kwa mlinzi wetu badiliko hilo ni zamu aliyoikosa, na zamu aliyoikosa ni ujira wa siku mbili, maana msimamizi hukata na ya adhabu. Sisi wenyewe tumekwisha kuhamisha vipindi kwa namna hiyo mara nyingi, na hatukuwahi kufikiri kwamba tumechukua fedha ya mtu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa juu ya fikra kwamba mtu mwenye kazi naye ana haki ya kusoma kwa saa zake. Fikra hiyo haikupaswa kubaki katika chuo kimoja.

La pili ni desturi ya kumzuia mwanafunzi mlangoni pa chumba cha mtihani kwa sababu ya salio la ada. Twaelewa kwamba chuo nacho kina mishahara ya kulipa. Lakini tazama linalotokea. Katika wiki ya mtihani, wiki ambayo mtu angepaswa kuwa amejifungia na vitabu, kijana anazunguka mitaa kutafuta wale wakopeshaji ambao umma umewapa jina la kausha damu. Tuseme amepata shilingi 100,000 kwa sharti la kurejesha 130,000 mwezi ukiisha. Anaingia mtihani akiwa na kibali mkononi na deni kichwani. Anashindwa somo moja. Anatakiwa kulirudia, na kurudia nako kuna malipo yake. Chuo kimepata salio lake kwa wakati, na mkopeshaji ana riba. Aliyekosa ni yule tu ambaye wote wawili wanasema wapo kwa ajili ya kumsaidia. Chuo kimoja tunachokifahamu kiliamua kuwaruhusu wenye salio waufanye mtihani, na kuyashikilia matokeo hadi walipe. Mhasibu alitabiri kwamba hapana atakayelipa. Walilipa wengi, wengine kwa vipande vya shilingi elfu tano tano, kwa kuwa walikuwa na kitu cha kukikomboa.

Mlinzi wa ghala alimaliza. Masomo ya miaka mitatu yalimchukua mitano, maana mara mbili aliahirisha, na mara moja tulikuwa sisi tuliotia saini katika fomu yake ya kuahirisha. Siku ya mahafali alikuja na mama yake, aliyesafiri kwa basi siku nzima kutoka Singida akiwa na kuku wawili kwenye kikapu, mmoja wa mwanawe na mmoja wetu. Tulimwamkia, akaitikia, akamshika mwanawe mkono, akautazama kwa muda, kisha akatugeukia na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Sasa, mwalimu, huyu mtoto ataanza lini kazi?"